Daftari la Zizi: Shajara ya Mradi wa Afya ya Farasi

Januari, mwanzoni

Kazi tuliyojipa ni ndogo kuitaja: kila farasi wa zizi hili awe na daftari lake la afya, na liandikwe na yeyote anayemshika, si mwenyewe peke yake. Zizi ni la pamoja. Wenye farasi wanakuja kwa nyakati tofauti, masaisi wanapokezana zamu, na habari za mnyama mmoja zimetawanyika kwenye simu za watu watatu au wanne. Daktari wa mifugo akifika anauliza yale yale: amekula lini, kinyesi cha mwisho kilikuwaje, chanjo ya pepopunda ilikuwa lini, joto lake la kawaida ni ngapi. Hapo kwenye joto la kawaida ndipo watu wanapotazamana. Kiwango cha farasi kwa jumla wengi wanakijua. Cha farasi wao hawajawahi kukipima akiwa mzima.

Basi ukurasa wa kwanza hauna ugonjwa hata mmoja. Una vipimo vya farasi asiye na neno, ametulia, hajatoka kazini wala juani. Juu ya ukurasa tumeandika viwango vya farasi mkubwa aliyepumzika: joto nyuzi 37.2 hadi 38.3 za Selsiasi, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Chini yake kuna nafasi ya vipimo vyake yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, wiki nzima.

Namna ya kupima nayo imeandikwa, kwa sababu watu wawili wakipima kwa njia mbili, daftari linakuwa karatasi tu. Kipimajoto cha dijitali kinapakwa mafuta ya kulainisha. Unasimama ubavuni, ukigusana na paja lake, unasogeza mkia pembeni na kukiingiza kwenye njia ya haja kubwa kikiegemea ukuta wa ndani. Kikizama katikati ya kinyesi kinakupa joto la uongo. Kifungwe uzi wenye kibanio, na kibanio kishike nywele za mkia, ili kisimezwe ndani wala kisianguke na kukanyagwa. Mapigo yanapatikana chini ya taya, pale mshipa unapopita juu ya mfupa. Tumia vidole viwili, si dole gumba, kwani gumba lina mapigo yake. Mwenye stetoskopu aiweke nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, akijua kwamba pigo moja lina sauti mbili. Saisi mmoja kijana alituletea mapigo 76 kwa farasi aliyekuwa anasinzia. Tukagawa kwa mbili, kazi ikaendelea.

Pumzi hesabu ukiwa mbali, ukitazama ubavu unavyopanda. Ukimwekea mkono puani anaanza kukunusa, na hapo hesabu imekwisha.

Januari, mwishoni

Wiki ya kupima imefundisha kuliko nilivyotarajia. Shaba, ambaye ni mzee na mpole, moyo wake unapiga 30 au 32 na hausogei. Zuhura yuko 42, na akisikia lango linafunguliwa anapanda papo hapo. Maana yake ni kwamba mapigo 48 kwa Zuhura pengine ni lori limepita barabarani, ila kwa Shaba ni habari. Wote wawili wangesomwa kwa jedwali moja, habari ya Shaba ingepotea.

Joto la jioni limekuwa juu ya la asubuhi karibu kwa kila mmoja, kwa hiyo tumeongeza safu ya saa. Bila saa, nyuzi 38.4 haisomeki.

Tumeongeza mambo mawili yasiyohitaji chombo. La kwanza ni ufizi: uwe wa waridi na wenye unyevu, ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, na rangi irudi ndani ya sekunde 2. La pili ni tumbo. Weka sikio au stetoskopu ubavuni, juu na chini, kulia na kushoto, usikie mngurumo. Tumbo lililo kimya kabisa linatisha kuliko linalonguruma sana, na hili wengi wanalichukulia kinyume chake.

Februari

Uzito. Hatuna mizani ya kumbeba farasi, na zizi nyingi hazina. Tunatumia utepe wa kupimia nguo na hesabu inayojulikana: mzunguko wa kifua kwa sentimita, nyuma tu ya miguu ya mbele na nyuma ya mwinuko wa mabega, uzidishwe kwa wenyewe, kisha uzidishwe kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako, jumla igawanywe kwa 11,880. Jibu ni kilo. Radi ana mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa 165, hivyo ni kilo 450. Hesabu hii ni ya farasi mkubwa. Haimfai mtoto wala jike aliyekaribia kuzaa. Hata kwa mkubwa ni makadirio, lakini mtu yule yule akipima kwa utepe ule ule kila mwezi, kupanda na kushuka kunaonekana vizuri.

Uzito ukishajulikana, hori linabadilika. Farasi anahitaji malisho makavu ya kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Kwa Radi ni kama kilo 7 hadi 9. Tulipotundika nyavu za majani makavu kwenye mizani ya kuning'iniza, ikaonekana kwamba "wavu mmoja" wa saisi wa asubuhi na "wavu mmoja" wa saisi wa jioni ni vitu viwili tofauti. Sasa tunaandika kilo.

Unene tunaupima kwa kipimo cha Henneke, kilichotoka Marekani mwaka 1983, chenye alama 1 hadi 9. Mkono ndio unaopima, kwani manyoya yanadanganya: mbavu zisionekane, ila uzipate kwa urahisi ukipitisha viganja. Alama 5 ndiyo ya katikati. Farasi wetu wawili wana alama 7, na wenyewe wanasema "ameshiba vizuri". Nimewaonyesha lile tuta gumu la mafuta juu ya shingo, chini ya singa. Hilo tutalirudia kwenye kwato.

Mabadiliko yoyote ya chakula yanaenda polepole, kati ya siku 7 na 14, kwa sababu wanaomeng'enya nyuzinyuzi kwenye utumbo mpana ni vijidudu, na vijidudu hivyo havizoei chakula kipya kwa siku moja. Tumeandika pia kwa herufi kubwa mlangoni mwa ghala: chakula cha kuku na cha ng'ombe kisiingie humu. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa ya monensini, ambayo kuku na ng'ombe wanaivumilia. Kwa farasi kiasi kidogo tu kinaua misuli ya moyo. Pembeni yake kuna onyo jingine, la dawa ya kupe yenye amitrazi: kwa ng'ombe ni ya kawaida, kwa farasi inasimamisha utumbo.

Machi

Minyoo imekula mwezi mzima, na ndiko kulikokuwa na mabishano.

Desturi ya hapa ilikuwa ile ya tangu miaka ya 1960: dawa kwa wote, kila baada ya wiki 8 au hapo karibu, mtu asiulize. Wakati ule ilikuwa na mantiki. Adui mkubwa alikuwa mnyoo Strongylus vulgaris, ambaye mabuu yake yanaharibu mishipa ya damu inayolisha utumbo, na ratiba ile ilimpunguza sana. Siku hizi wanaosumbua zaidi ni minyoo midogo ya kundi la siathostomini, na wengi wao katika nchi nyingi hawasikii tena dawa za kundi la fenbendazoli. Tumewalea wenyewe kwa kuwapa dawa mara kwa mara na kwa vipimo pungufu. Ndiyo sababu utepe wa Februari ulitangulia: anayekadiria kilo 380 kwa farasi wa 450 anawapa minyoo mafunzo ya kuishi na dawa.

Mpango mpya ni kuhesabu mayai kwanza. Kinyesi kibichi, kilichotoka sasa hivi, kinawekwa kwenye mfuko, hewa inakamuliwa yote, mfuko unafungwa na kukaa mahali pa baridi hadi maabara. Majibu yanakuja kwa idadi ya mayai kwa kila gramu. Chini ya 200 tunamhesabu mtoaji mdogo. Juu ya 500 mtoaji mkubwa. Mtawanyiko wetu umefanana na unaojulikana duniani, kwamba kama farasi 20 kati ya 100 ndio wanaomwaga asilimia 80 ya mayai malishoni. Radi, mwenye manyoya yanayong'aa kuliko wote, alikuwa kinara. Mwenyewe hakuamini, akaomba kipimo kirudiwe, na jibu likawa lile lile.

Wenzangu wawili waliuliza kama basi wenye mayai machache wasipewe dawa kabisa. Hapana. Hesabu ya mayai haioni mabuu yaliyojificha kwenye ukuta wa utumbo, na tegu za farasi mara nyingi zinaipita. Daktari ametupangia dawa ya msingi kwa kila farasi mkubwa mara moja au mbili kwa mwaka, kisha nyongeza kwa watoaji wakubwa tu. Watoto wa farasi wana ratiba yao, maana wao wanaumwa minyoo mikubwa ya Parascaris, na hii imeanza kuzoea dawa ya ivermektini.

Siku 14 baada ya dawa tulipima tena wale waliopewa. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwenye mradi huu, kwa sababu kinaipima dawa yenyewe. Ivermektini ilishusha mayai hadi sifuri au karibu yake. Ile ya bei rahisi ya kundi la fenbendazoli, iliyokuwa imejaa kabatini, ilishusha chini ya nusu. Kabati limesafishwa.

Kazi isiyopendeza lakini yenye faida kuliko dawa: kuokota samadi malishoni mara mbili kwa wiki, kabla mabuu hayajatoka kupanda kwenye majani. Zamu zimeandikwa. Malalamiko yamepokelewa.

Aprili

Jike mgeni ameingia, na karantini yetu ikapata mtihani wake wa kwanza.

Kanuni ni wiki 3 mbali na wengine, ndoo yake, hori lake, uma wake wa samadi, hatamu yake. Anahudumiwa mwisho, na anayemhudumia habadilishani vifaa na mtu. Joto asubuhi na jioni. Huyu alifika mchangamfu, pua kavu, anakula. Wiki ya kwanza ilikuwa haijaisha alipoandikiwa 39.4 asubuhi. Saisi wa zamu hakusubiri chai. Jioni joto lilikuwa bado juu; siku zilizofuata akaanza kuacha majani, usaha ukatoka puani, na tezi za chini ya taya zikavimba kiasi kwamba kidole hakikuingia kati ya mifupa miwili ya taya. Maabara ikathibitisha Streptococcus equi, bakteria za ule ugonjwa wa majipu ya koo ambao ukiingia zizini unaweza kukaa miezi.

Faida ya kipimajoto iko hapa: katika ugonjwa huu homa kwa kawaida inatangulia, na bakteria zinaanza kutoka puani siku moja au mbili baadaye. Anayesubiri usaha ameshachelewa. Anayepima joto ana dirisha la kumtenga farasi kabla hajawa hatari kwa wenzake. Tangu siku ile tukapima zizi zima mara mbili kwa siku, na hakuna mwingine aliyepanda.

Majipu yalipasuka yenyewe kwa msaada wa vitambaa vya maji ya moto. Habari ya antibiotiki iliachwa kwa daktari, ambaye hakuzitoa, akisema jipu lililokwisha kukomaa linahitaji kutoka. Bado hajaruhusiwa kuingia kundini ingawa anaonekana mzima: baadhi ya farasi wanapona huku bakteria zimebaki kwenye mifuko ya hewa iliyo nyuma ya koo, na hao wanaambukiza kimyakimya. Atapimwa kwa kamera kwanza.

Mei

Kwato. Fundi wa kwato ana ratiba ya wiki 6 kwa wengi, 4 au 5 kwa wenye kwato zinazopasuka. Kwato inakua milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, hivyo ufa unaoanzia juu, pale ngozi inapokutana na kwato, unachukua karibu mwaka mzima kufika chini mbele. Kila siku ni kuchokoa uchafu, kutazama kama kuna msumari, na kunusa. Harufu mbaya na uji mweusi pembeni mwa ile sehemu laini ya pembetatu ni dalili ya kuoza, na dawa yake ya kwanza ni sakafu kavu.

Tumemfundisha kila mtu kutafuta mapigo ya mguu. Shika kwa wepesi nyuma ya kifundo, pande mbili, vidole vikiwa juu ya ule mshipa mwembamba unaoteleza kando ya kano. Kwa farasi mzima mapigo yake ni hafifu, na wengine huchukua muda kuyapata. Hilo ndilo la kuandika: "hafifu".

Radi aliamka hakanyagi mguu wa mbele wa kulia. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe, na mwenye farasi alishaamini mfupa umevunjika. Mapigo ya mguu ule yaligonga vidole kwa nguvu, mguu wa pili ulikuwa kimya, na kwato moja ilikuwa na joto kuliko nyingine. Fundi alibana kwa koleo la kupimia, akazunguka, akafika mahali Radi alipovuta mguu. Akakwangua kidogo tu, mstari mweusi ukaonekana, akaufuata, na ukatoka usaha wa kijivu wenye uvundo. Farasi aliweka mguu chini kabla hatujamaliza kumfunga. Kilichobaki kilikuwa kuulinda usiingie uchafu na kuhakikisha kinga ya pepopunda haijapita muda.

Msumari ukionekana umezama katikati ya kwato, tunauacha mpaka daktari apige picha ya eksirei, ili ajue umegusa nini. Tunamzuia farasi asitembee na tunaweka kitu kando yake usizame zaidi. Anayeung'oa kwa haraka anaipoteza njia ulimopita msumari.

Mapigo yakigonga miguu yote miwili ya mbele, ni habari nyingine. Farasi anarudisha uzito nyuma, anatembea kama anakanyaga makaa, hataki kugeuka. Hiyo ni laminaitisi, tishu zinazoshika mfupa ndani ya kwato zimevimba, na tunaipigia simu kama dharura. Wale wawili wenye tuta la mafuta shingoni ndio walio karibu nayo zaidi, kwa sababu ya homoni ya insulini. Shaba naye, kwa umri wake, atapimwa homoni iitwayo ACTH, kwani tatizo la tezi ya pituitari ni la kawaida kwa farasi waliopita miaka 15. Wakati wa kumsubiri daktari, kwato zinawekwa kwenye barafu na chakula cha nafaka kinaondolewa.

Juni

Ukurasa mwekundu, ule unaobandikwa ukutani. Umeandikwa mara kadhaa, na kila mara daktari aliukatakata, kwa sababu mtu mwenye hofu hasomi aya ndefu.

Msokoto wa tumbo umechukua nusu ya ukurasa. Anaparua ardhi, anatazama ubavu, analala na kuinuka, anajiviringisha, anakunja mdomo wa juu, hatoi kinyesi. Farasi hawezi kutapika. Mlango wa tumbo lake umefungwa kwa nguvu mno, na ndiyo maana gesi na maji yakirudi tumboni linaweza kupasuka. Cha kufanya: ondoa chakula, chukua mapigo, tazama ufizi, sikiliza tumbo pande zote, piga simu na usome namba hizo. Mapigo yaliyopita 60 akiwa amepumzika yasemwe mwanzo wa simu. Kumtembeza kidogo kunafaa kama kunamzuia asijiviringishe, kumchosha hakufai. Asinyweshwe kitu kwa chupa, kwani kinaweza kuishia mapafuni.

Habari ya fluniksini ilileta ubishi. Wengi wanayo na wanaijua inavyotuliza maumivu. Tumekubaliana isitolewe kabla ya kuongea na daktari, maana inaficha maumivu ambayo yeye anayahitaji ili aamue kama ni upasuaji. Na isichomwe kwenye msuli: kuna farasi waliopata sumu ya bakteria za klostridiamu kwenye misuli kwa sindano hiyo.

Jicho lililofumba na kutoa machozi ni la leo, si la kesho, na matone yenye steroidi yasiguswe kabla jicho halijatiwa rangi ya kuonyesha kidonda. Chakula kinachotoka puani ni kukwamwa kooni: ondoa chakula na maji, kichwa kiwe chini, piga simu. Kidonda kilicho karibu na kiungo, hata kikiwa kidogo kama punje, ni dharura. Kioshwe kwa maji safi yenye gramu 9 za chumvi kwa lita.

Julai

Ukurasa wa chanjo ulikuwa mwepesi: pepopunda kwa wote, mafua ya farasi na mengineyo kwa kadiri daktari anavyoona magonjwa ya eneo. Meno nayo yamewekwa, mara moja kwa mwaka, mapema zaidi kwa anayedondosha vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu. Kwa Shaba kilichoondolewa ni ncha kali za magego, nje kwa juu na ndani kwa chini, na wiki zilizofuata utepe wake umeanza kupanda.

Yule jike wa karantini amepigwa kamera na sampuli zimetoka safi. Ameingia kundini.

Kilichobaki ni ukurasa wa uzazi, maana Zuhura ana mimba. Rasimu ina mistari mitatu: mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye ndani ya saa 2, kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Mstari wowote ukivukwa, simu. Bado tunatafuta mahali pa kuhifadhi maziwa ya kwanza yaliyogandishwa, kwa sababu utumbo wa mtoto unaacha kupitisha kingamwili zake ndani ya siku moja hivi, na hakuna mtu anayeanza kutafuta maziwa usiku ule akayapata. Friji ya ofisini imekubaliwa. Kinachosubiriwa ni zizi jirani litakalotupa maziwa ya jike aliyezaa na kuchanjwa ipasavyo.